Mchimbaji wa Nguzo Alipwe kwa Kina, Asilipwe kwa Shimo



Kiangazi kikianza, kazi ya uzio nayo inaanza. Maharage yamevunwa, vijana wanatafuta vibarua, na aliyeuza kahawa au fahali ana fedha kidogo ya kuzungushia eneo lake. Hapo ndipo unaposikia swali lile lile kila mahali, kuanzia Kibimba hadi njia ya Biharamulo: "Shimo moja unachimba kwa shilingi ngapi?"

Mimi nasema swali hilo ndilo linaloangusha uzio wetu. Tunamlipa mchimbaji kwa idadi ya mashimo, lakini uzio unasimama kwa kina cha mashimo. Kwenye ardhi laini tofauti hiyo haionekani sana. Kwenye ardhi yetu ya mawe ndiyo inayoamua kama ndama watalala zizini au kwenye maharage ya jirani.

Naomba unisome hadi mwisho kabla hujapinga. Nitakupa hesabu, na ukitaka uirudie mwenyewe kwa bei za kwenu.

Ardhi yetu ikoje

Ukichimba nguzo huku kwetu unakutana na moja kati ya hali tatu.

Juu ya vilima kuna mwamba mgumu, mara nyingi mweupe au wa kijivu, na udongo juu yake ni mwembamba. Wataalamu wa miamba huuweka kwenye kundi la Karagwe-Ankole, ambalo linaendelea Burundi, Rwanda na kusini mwa Uganda. Ndiyo sababu migongo ya vilima hivi haimomonyoki kirahisi, na ndiyo sababu mtaimbo wako unaruka.

Kwenye miteremko kuna udongo mwekundu wenye changarawe za chuma, ule tunaouita moramu na kuumwaga barabarani. Wakati wa mvua unachimbika. Ukifika Julai na Agosti unakuwa kama tofali lililochomwa.

Chini karibu na mabonde kuna mfinyanzi. Huo unachimbika vizuri, lakini unatanuka ukilowa na kupasuka ukikauka, hivyo nguzo iliyopandwa juujuu inalegea yenyewe bila ng'ombe kuigusa.

Shamba moja linaweza kuwa na hali zote tatu, kwa sababu mashamba yetu mengi yanashuka kutoka mlimani kwenda bondeni. Sasa jiulize: inawezekanaje shimo la juu kwenye mwamba na shimo la chini kwenye mfinyanzi yawe na bei moja?

Kwa nini kina ndicho kinachoshika nguzo

Nguzo ya uzio inafanya kazi kama mtaimbo. Seng'enge inavuta juu, na udongo unazuia chini. Ukiwa na nguzo iliyotoka nje mita 1.2 na kuzama sentimita 30 tu, mkono wa juu ni mrefu mara nne kuliko wa chini. Ng'ombe akijikuna shingo hapo, au mtoto akipanda kuvuka, nguzo inang'oka kama unavyong'oa jino bovu.

Ukiizamisha sentimita 60, mkono wa juu unakuwa mara mbili tu ya ule wa chini. Faida haiishii hapo. Udongo wa chini umebanwa zaidi na haulegei haraka kwa jua na mvua kama ule wa juu, kwa hiyo ukiongeza kina mara mbili unapata mshiko zaidi ya mara mbili.

Wenzetu wa nchi za baridi kali kama Canada wana tatizo lao. Maji yaliyomo ardhini yanaganda, yanatanuka na kuisukuma nguzo juu kidogo kidogo kila mwaka. Mkulima wa huko anachimba kupita pale baridi inapofika, hata kama ni zaidi ya mita moja. Sisi hatuna ardhi ya kuganda namna hiyo, hata kule Makete ambako sakitu huunguza viazi. Lakini somo ni lile lile: nguzo inashikwa na kilicho chini.

Kipimo ninachoshauri ni hiki: nguzo za kawaida sentimita 60, yaani futi mbili. Nguzo za kona na za geti sentimita 90, yaani futi tatu, kwa sababu hizo ndizo zinazobeba mvuto wa waya wote.

Mchimbaji si mwizi

Fikiria kijana mliyepatana shilingi 1,000 kwa shimo. Mashimo matano ya kwanza yameenda vizuri. La sita, akifika futi moja, anagonga jiwe. Akiendelea nalo atatumia nusu siku na mtaimbo utapinda. Akiliacha na kwenda la saba, atamaliza kwa dakika chache na kupata shilingi 1,000 ile ile.

Wewe ungefanya nini? Atasimamisha nguzo, atarudishia udongo, atakanyaga kwa kisigino, kisha atakuita uhesabu. Utahesabu nguzo themanini na tano, utalipa mashimo themanini na tano, na mtaagana kwa amani. Yaliyo chini hayaonekani.

Wengi wetu baadaye tunasema "vijana wa siku hizi hawaaminiki". Mimi nasema bei tuliyomwekea ndiyo iliyomwambia aache. Tulimwahidi malipo sawa kwa kazi rahisi na kazi ngumu, akachagua rahisi. Hata mzee mwenye heshima zake angechagua hivyo kama ana watoto wanaosubiri unga jioni.

Hasara inakuja baadaye, na mara nyingi haimpati mchimbaji. Mvua za vuli zinanyesha, ardhi inalowa, waya unalegea, nguzo mbili zinalala. Usiku mmoja ng'ombe wanapita. Asubuhi jirani yako amesimama mlangoni akiwa na mashina ya maharage mkononi, mwenyekiti wa kitongoji ameitwa, na mnakadiria fidia. Watu waliosalimiana miaka ishirini wanaacha kusalimiana kwa sababu ya shimo lililokosa futi moja.

Tupige hesabu

Chukua eka moja yenye umbo la mraba. Eka moja ni kama mita za mraba 4,047, hivyo kila upande ni karibu mita 64, na mzunguko wote ni kama mita 254.

Mazoea yetu ni kuweka nguzo kila baada ya mita 3. Hizo ni nguzo 85. Kama zimezama sentimita 30 tu, jumla ya kina chote kilichochimbwa ni sentimita 2,550.

Sasa weka nguzo kila baada ya mita 6, na katikati ya nguzo na nguzo funga ufito mmoja mwepesi unaoshika nyaya zisitanuke. Ufito huo hauchimbiwi, unaning'inia kwenye waya. Nguzo zinakuwa 43. Zizamishe sentimita 60 kila moja: jumla ni sentimita 2,580.

Umeona? Kina kilichochimbwa kwa jumla ni karibu sawa, lakini umenunua nusu ya nguzo na kila moja imesimama kweli.

Najua utaniambia kwamba futi ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana lazima ilipwe zaidi. Tuchukue bei za mfano, wewe weka za kwenu: nguzo shilingi 3,000, shimo shilingi 1,000.

Kwa mazoea ya zamani: nguzo 85 ni shilingi 255,000, mashimo ni shilingi 85,000. Jumla shilingi 340,000.

Kwa njia ninayopendekeza: nguzo 43 ni shilingi 129,000. Futi ya kwanza kwa shilingi 1,000 ni shilingi 43,000. Futi ya pili kwa shilingi 2,500 ni shilingi 107,500. Fito 43 kwa shilingi 500 ni shilingi 21,500. Jumla shilingi 301,000.

Zimebaki shilingi 39,000. Hizo zipeleke kwenye kona na geti, ambako nitakueleza. Mchimbaji amepata shilingi 150,500 badala ya 85,000, na wewe hujatoa zaidi. Aliyepunguziwa ni mwenye shamba la miti tu, na hata yeye nitamwambia neno.

Tahadhari moja: hesabu hii ni ya ng'ombe. Mbuzi ni mnyama wa kujipenyeza. Kwake hata nguzo za kila mita 3 hazisaidii kama chini kuna nafasi, kwa hiyo panga fito nyingi zaidi na nyaya za chini zikaribiane.

Mpatane hivi

1. Futi ya kwanza ina bei yake, futi ya pili ina bei yake kubwa zaidi. Sehemu ya mfinyanzi na sehemu ya mawe zipewe bei tofauti. Tembeeni shambani pamoja na mtaimbo kabla ya kupatana, mgonge hapa na pale.

2. Kata kijiti cha kipimo na ukitie alama mbili kwa panga: sentimita 60 na sentimita 90. Kijiti kinashuka ndani ya shimo kabla nguzo haijaingia. Nguzo ikishaingia, hakuna tena kupima wala kulaumiana.

3. Shimo lililogonga mwamba mtupu lisitelekezwe wala lisifichwe. Mchimbaji anaita, mnaangalia, mnaamua. Kazi aliyokwisha kuifanya hapo inalipwa. Mtu akijua atalipwa kwa kusema ukweli, atasema ukweli.

4. Kona na geti zilipwe kwa siku. Kazi ya kona haina haraka.

5. Andikeni kwenye karatasi, hata ya daftari, na shahidi mmoja aweke sahihi.

Namna ya kuchimba kwenye mawe

Anza kazi mwishoni mwa masika, mwezi Mei, ardhi ikiwa na unyevu. Ukichelewa hadi Agosti, tumia maji: chimba kidogo jioni, mimina ndoo moja, acha usiku kucha. Asubuhi moramu itakuwa imelainika kiasi cha kiganja. Rudia. Kama kuna mashimo mengi, zungukeni nayo, leo haya yanalowa na yale yanachimbwa.

Sururu ni ya kufungulia juu tu. Ndani ya shimo jembamba kazi ni ya mtaimbo mzito wenye ncha kali, na kopo la kuchotea changarawe. Shimo la sururu linakuwa pana juu na jembamba chini, kama sahani. Tunalotaka ni la mapana sawa, au pana kidogo chini kuliko juu, ili mawe utakayojazia yajibane.

Ukigonga jiwe, sikiliza. Jiwe la peke yake linatoa sauti nzito na linacheza ukilichokonoa pembeni. Mwamba unaoendelea unalia kama chuma na haujitikisi. Jiwe la peke yake litolewe, hata kama shimo litapanuka. Kwenye mwamba, kwanza jaribu kusogeza shimo hatua moja kushoto au kulia kwenye mstari ule ule, maana mwamba una nyufa. Nguzo za kati hazidaiani kuwa mita 6 kamili. Ikiwa tano na nusu hapa na sita na nusu pale, uzio hautalalamika.

Wapo wanaochoma mwamba kwa moto kisha kumwagia maji ili upasuke, kama wafanyavyo wapasua kokoto. Njia hiyo inafanya kazi, lakini mwamba ukipasuka unarusha vipande kama risasi. Ukilazimika, mwaga maji ukiwa mbali kwa ndoo yenye kamba, watoto wasiwepo, na usichome wakati wa upepo wa kiangazi nyasi zikiwa kavu. Shimo moja lisichome kilima kizima.

Mawe uliyoyatoa ndiyo yatakayoshika nguzo

Hapa naona fedha nyingi ikipotea. Mtu ametoka jasho kutoa mawe, kisha anayatupa na kujazia udongo mlaini. Fanya kinyume chake.

Simamisha nguzo kwa timazi, hata ya jiwe na uzi. Chini kabisa pigilia mawe yenye kingo kuizunguka, yajibane kati ya nguzo na ukuta wa shimo. Weka udongo wenye changarawe kimo cha kiganja, shindilia kwa kitako cha mtaimbo hadi usiingie tena. Ongeza, shindilia. Usijaze shimo lote kisha ukashindilia juu, kwa sababu nguvu haifiki chini. Ukikaribia usawa wa ardhi pigilia tena duara la mawe. Mawe ya chini na mawe ya juu ndiyo yanayoizuia nguzo kuinama. Malizia kwa kichuguu kidogo cha udongo ili maji ya mvua yakimbie.

Nguzo ikipigiliwa hivyo, sukuma kwa bega. Ikicheza leo, kesho italala.

Pale shimo linapokataa kabisa

Kona ikiangukia kwenye mwamba, wengi wanapandisha nguzo sentimita 20 na kuizungushia simenti. Kona hiyo haitadumu, kwa sababu simenti imekaa juu ya mwamba kama kikombe juu ya meza. Waya ukivutwa, kikombe chote kinapinduka.

Jenga kizimba cha mawe. Panga magogo manne au zaidi kuwa sanduku la mita moja kwa mita moja, lenye kimo cha mita moja, na nguzo yako ya kona ikiwa katikati. Funga magogo kwa waya na misumari, kisha jaza mawe kwa mkono, makubwa chini na pembeni, madogo yakiziba nafasi. Mawe yaliyopangwa hivyo yana uzito unaozidi tani moja. Hakuna fahali atakayelisukuma sanduku hilo. Wafugaji wa magharibi ya Marekani kwenye milima ya mawe wanajenga hivi, na wewe umeshaona wazo hilo hilo kwenye makalavati, pale makandarasi wanapoweka masanduku ya waya yenye mawe kuzuia maji yasile barabara. Mawe tunayo bure na tunayalalamikia kila siku. Tuyafanyishe kazi.

Kona iliyochimbika vizuri nayo ipewe tegemezo: nguzo ya kulalia upande ambao uzio unaelekea, kitako chake kikikaa juu ya jiwe bapa lililozamishwa.

Simenti ina mahali pake: nguzo za bomba la chuma kwenye tundu lililotobolewa ndani ya mwamba. Kwa nguzo ya mti, mti unasinyaa ndani ya simenti, maji yanakaa kwenye mwanya, na nguzo inaoza pale pale usawa wa ardhi. Ukiamua kutumia, acha chini ya nguzo wazi kwenye changarawe ili maji yapite, na uso wa simenti uteremke kwenda nje.

Neno kwa wauza nguzo na seng'enge

Nyinyi ndugu zangu mna nafasi kubwa kuliko mnavyodhani, kwa sababu mteja huwauliza nyinyi kabla ya kumuuliza afisa ugani.

Miti ya asili imepungua sana. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo ndani ya muda wa kama siku moja wakaingia Ngara, na mahitaji ya kuni na miti ya kujengea yalikuwa makubwa mno kwa misitu yetu. Leo nguzo zetu nyingi ni mikaratusi ya kupandwa. Mkaratusi mchanga, mwembamba, uliokatwa juzi, unaliwa na mchwa haraka, na ukikauka ndani ya shimo unasinyaa na kuacha mwanya. Uza nguzo zilizomenywa magamba na kukaushwa kivulini wiki kadhaa. Kama una zilizotiwa dawa kiwandani, mweleze mteja kwa nini ni ghali, na umwambie azitumie angalau kwenye kona na geti. Oili chafu ya gari inamchelewesha mchwa kidogo tu, na inachafua ardhi na maji. Usimwuzie mtu oili kama ni dawa ya kudumu.

Mwenye shamba la miti anayeogopa kuuza nguzo 43 badala ya 85 namwambia hivi: iache miti ikomae, uuze chache nene kwa bei nzuri. Mteja ambaye uzio wake umesimama atamleta jirani yake kwako.

Kuhusu seng'enge, roli la kilo 25 halina urefu mmoja. Waya ukiwa mwembamba, roli linakuwa refu, ukiwa mnene, linakuwa fupi. Mwambie mnunuzi mita, usimwambie kilo peke yake. Ametoka nyumbani na mzunguko wa mita 254 kichwani, anataka nyaya nne, na ana haki ya kujua roli ngapi zitatosha kabla hajalipa nauli ya bodaboda.

Wanaopinga wanasema nini

Wapo wanaosema mchimbaji akilipwa kwa kina atajivuta. Akilipwa kwa siku anaweza kujivuta, ndiyo. Akilipwa kwa futi hana sababu, kwa sababu kila futi anayomaliza ni fedha yake.

Wapo wanaosema hawana fedha ya kufanya yote haya. Basi usifanye yote mwaka huu. Simamisha kona na geti ipasavyo, zungushia sehemu moja iliyo karibu na shamba la jirani, na mwakani uendelee. Nusu ya uzio imara ni bora kuliko uzio mzima wa kuonyesha wageni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku kwetu ukuta huo unaanza na fidia ya maharage.

Wapo pia wanaosema uzio wa miti hai unatosha. Mimi naupenda sana, na naona tuutumie pamoja na nguzo. Mnyaa unaota hata kwenye changarawe kwa kipande tu, na mbono vilevile. Mifugo haili vyote viwili. Vipande vipandwe mwanzo wa vuli, ndani ya mstari wa waya, ili nguzo zitakapochoka ukuta wa kijani uwe umeshika kazi. Lakini utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaumiza vibaya sana, na mbegu za mbono ni sumu kwa watoto. Nyumba yenye watoto wadogo ichague mahali pa kupanda. Na kwa miaka miwili mitatu ya kwanza miti hiyo haimzuii ng'ombe, kwa hiyo shimo lako bado lina kazi.

Kabla ya shimo la kwanza

Jambo la mwisho ni la mpaka. Nguzo iliyozama futi tatu ni vigumu kuing'oa, na ikiwa iko upande wa mwenzako umemzamishia ugomvi wa futi tatu. Mwite jirani, mwite mwenyekiti wa kitongoji, tembeeni mpaka mzima na kamba, mkubaliane mbele ya mashahidi. Mkishindwa, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 kwa ajili ya kusuluhisha mambo kama haya. Usifunge njia ya mifugo wala njia ya kwenda majini, na kumbuka sheria ya mazingira inataka tukae mita 60 kutoka chanzo cha maji.

Ukishamaliza hayo, kata kijiti chako cha kipimo. Kikate leo, kabla hujamwita mchimbaji. Akija, usimwulize tena shimo moja shilingi ngapi. Mwulize: "Futi ya kwanza bei gani, na futi ya pili, ile ya mawe, utachukua ngapi?" Kisha mlipe hiyo futi ya pili bila kunung'unika.

Nawatakia kazi njema ya kiangazi.